Darasa la michezo ya maneno, Ngamiani: mbuzi aliyeingia jikoni

Wateja wangu wengi wameniuliza kuhusu hili darasa, maana wanamkuta binti yangu dukani kashika pindo la kanga, anasoma jina la kanga, yaani yale maneno ya pindoni, na kucheka peke yake. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Leo naandika ili kila mzazi asome.

Darasa lenyewe ni la Jumamosi, barazani kwa mwalimu mstaafu mmoja hapa Ngamiani, Tanga. Watoto humwita Bibi. Anafundisha jambo moja tu: waandishi wanavyochezea maneno ili hadithi ichekeshe, iume au ifiche kitu. Binti yangu yuko darasa la tano. Kusoma alikuwa anasoma, tena haraka kama mvua kwenye bati, lakini ukimuuliza hapa pamekuchekesha nini, anakutazama tu. Kabla ya hapo nilimpeleka tuisheni nyingine, sitaitaja, wakamkaririsha nahau hamsini na maana zake. Zote alizishika. Hadithi hata moja hakuandika.

Siku ya kwanza nilikaa naye mwisho wa jamvi, nione hela yangu inanunua nini. Bibi aliandika ubaoni neno moja, tanga, akauliza, "Hili lina milango mingapi?" Wakasema mji wetu. Mtoto wa mvuvi akasema tanga la jahazi. Mwingine akasema kutangatanga, kama mama anavyomgombeza. Halafu kijana mmoja mkubwa kidogo akamgeukia mwenzake aliyefiwa na bibi yake wiki ileile, akasema kwao sasa Tanga haiwatoshi, wana ma-Tanga. Baraza zima likaangua kicheko.

Bibi hakugomba. Aliliandika matanga chini ya yale mengine, kwa sababu neno ni sahihi na mtoto kasikia vizuri. Kisha akamwuliza, "Nani hapa hakucheka?" Yule kijana akatazama, akainamisha kichwa. "Basi mchezo wako ni mzuri, uweke. Siku yake haijafika." Akamhamishia karibu na yule mfiwa, wakatumia daftari moja mpaka saa tano. Mimi nauza kanga mwaka wa kumi na mmoja sasa. Nimeona wanawake wakipekua mzigo mzima kutafuta jina la kumpiga kijembe jirani, na najua maneno manne tu ya pindoni yanavyoweza kuvunja ujirani wa miaka. Nilifurahi kuona watoto wanapewa kisu pamoja na ala yake.

Lakini kilichonifanya nilipe mwezi mzima ni hadithi ya mbuzi. Kazi ilikuwa kuandika kichekesho kifupi kwa neno lenye maana mbili. Binti yangu alichagua mbuzi, akaandika hivi: "Bibi alitaka kukuna nazi. Akamwambia mgeni, niletee ile mbuzi. Mgeni akaleta mbuzi wa zizini." Mimi nikaona kamaliza, nikataka hata kumpigia makofi. Bibi akachukua penseli, akaizungushia duara sentensi ya kwanza, akauliza, "Msomaji akishaijua nazi, atakosea vipi?" Mtoto akafikiri. Akaifuta. Bibi akagusa neno ile. "Na hili je? Ukisema ile mbuzi, umeshatutajia kifaa. Ukisema yule, umetutajia mnyama. Mficha mbuzi hafungui zizi." Basi ile ikaondoka nayo. Walichobaki nacho ni hiki, nakinakili kutoka kwenye daftari lake:

"Bibi alimwambia mgeni, 'Niletee mbuzi, upesi!' Mgeni akakimbilia zizini, akafungua kamba, akavuta, akasukuma, mpaka jikoni. Bibi alikuwa amekaa chini, nazi mbili zilizopasuliwa ziko mkononi."

Niliposoma mwisho nilicheka kwa sauti, na maana ya mbuzi naijua tangu nizaliwe. Tazameni alichojifunza hapo. Kajua kuwa neno linalofungua fumbo hukaa mwisho. Kajua pia ngeli ina kazi gani. Shuleni ngeli aliimba kama wimbo, A-WA, I-ZI, bila kujua ni za nini. Sasa kaona kwamba herufi mbili tatu za yule na ile zinaweza kuua kichekesho kizima. Hili sikufundishwa mimi mpaka namaliza kidato cha nne.

Kuna zoezi jingine wanalipenda sana: wanapewa sentensi moja, wanachora picha mbili. "Mtoto amelalia uji." Nusu wanachora mtoto aliyelala baada ya kunywa uji tu, hakuna chakula kingine. Nusu wanachora mtoto kalala juu ya uji, umetapakaa kitandani. Picha ya binti yangu nimeibandika dukani. Na barabara nayo wameichezea, maana Ngamiani mitaa yetu ni barabara zenye namba: hii barabara si barabara. Ukisema kwa mdomo, mkazo unakuonyesha ipi ni njia na ipi ni sawasawa. Ukiandika, zote mbili zinafanana kama mapacha, kwa hiyo mwandishi ndiye apange sentensi mpaka msomaji mwenyewe auhamishe mkazo. Wanafungua kipindi kwa kinyume, kile tulichozungumza sisi utotoni wakubwa wasituelewe, maji ikawa jima, samaki ikawa kisama. Hiyo ni ya kuchangamsha tu, dakika tano.

Jumamosi moja aliwaletea Shaaban Robert. Watoto wengi hawakujua kuwa ni mtu wa kwetu, kazaliwa mwaka 1909 Vibambani, nje kidogo ya mji huu. Hakuwapa kitabu wakariri. Aliwapa majina tu ya wahusika wa vitabu vyake: Majivuno, Karama, Adili, Hasidi, Mwivu. Akawaambia wakisie kila mmoja ni mtu wa namna gani kabla hawajasoma hata ukurasa mmoja. Na Kusadikika, ile nchi iliyokipa kitabu chake jina, ni nchi gani hiyo, kwa nini iitwe hivyo? Mmoja akajibu, "Nchi ya kuambiwa tu, usadiki." Binti yangu aliporudi nyumbani aliomba mwenyewe tukaulize kitabu cha Adili na Nduguze, ajue Hasidi na Mwivu walifanywa nini. Tangu nimzae hajawahi kuniomba kitabu.

Sasa yasiyonipendeza, maana nisipoyasema mtakuja kunilaumu. Watoto ni wengi. Nilihesabu thelathini na mmoja juu ya majamvi mawili, darasa la tatu mpaka la saba wote pamoja. Wakubwa wanawahi majibu, wadogo wanabaki kucheka kwa kuwa wenzao wamecheka. Nilimwambia Bibi kwa heshima awagawe makundi mawili. Alisema sauti yake haihimili vipindi viwili kwa siku, na namwelewa, lakini mwenye mtoto wa darasa la tatu afikirie. Pili, muda wa kuandika ni mfupi. Kuzungumza wanazungumza saa nzima, kuandika dakika ishirini, na kwangu mimi faida kubwa iko kwenye kuandika na kufuta. Ile hadithi ya mbuzi ilichukua Jumamosi mbili. Tatu, jua. Kuanzia saa nne na nusu linaingia barazani upande wa kushoto, mwambie mwanao awahi akae ukutani.

Juzi mteja alichukua doti yenye jina "Japo sipati tamaa sikati", akataka nimkatie palepale. Nimeshika mkasi, binti yangu akaniambia, "Mama, mwenyewe kasema hakati, wewe wamkata." Mteja alicheka mpaka akashika meza. Nikamwuliza mtoto mlango wa pili uko wapi. Akajibu bila kusita kwamba kukata kule ni kwa tamaa, huku ni kwa kitambaa, na kwamba pati na kati ndizo zinazoifanya ikae mdomoni.

Kipindi ni saa tatu na nusu mpaka saa tano asubuhi, shilingi 2,000 kwa mtoto, ndugu wa pili analipa nusu, na hela unampa mkononi. Apeleke daftari la mistari na penseli yenye kifutio; kalamu ya wino Bibi haruhusu, kwa sababu asiyeweza kufuta hawezi kuficha mbuzi. Jumamosi ijayo wanaanza vitendawili, kila mtoto aje na kimoja alichokisikia nyumbani kwao.