Kuthamini sarafu ya kumbukumbu: katalogi au bei za minada?

Anayekuta kwenye chenji sarafu ya Uingereza ya peni 50 yenye mnara wa pagoda wa bustani ya mimea ya Kew, London, ana njia mbili za kujua thamani yake: katalogi iliyochapishwa, yaani kitabu kinachoorodhesha sarafu pamoja na sifa na bei zake, au bei za minada ya mtandaoni iliyokwisha kufungwa.

Katika utambuzi, katalogi haina mpinzani. Itakueleza kwamba toleo la 2009, lililoadhimisha miaka 250 ya bustani hiyo, lilipigwa nakala 210,000 tu, kwamba uzito wake ni gramu 8 na upana milimita 27.3, na kwamba toleo la 2019, lenye mnara uleule, liliuzwa kwa wakusanyaji bila kuingizwa katika mzunguko. Asiyejua hayo hununua moja akidhani nyingine, au hubambikiwa ya bandia ambayo mizani ya sonara ingeiumbua mara moja.

Kwa bei, mambo hugeuka. Katalogi huzeeka ikingali mpya, na tarakimu zake za kuvutia huhusu sarafu isiyoguswa, ilhali yako imepita mifukoni kwa miaka. Mnada huonyesha kilicholipwa kweli, mradi usome mauzo yaliyokamilika, si bei anayoiota muuzaji. Tena kuutazama ni bure.

Mwenye sarafu moja anayetaka kuiuza wiki hii atatosheka na minada. Anayekusanya, mathalani aliyeanza na shilingi 40 ya Kenya ya 2003 ya miaka arobaini ya uhuru, atafaidika hata na katalogi kuukuu, kwani uzito na tarehe havibadiliki.