Kadi 500 za maneno magumu ya Kiingereza: bei nafuu, kazi nusu

Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikijifunza msamiati wa juu wa Kiingereza kwa kutumia kisanduku cha kadi 500 nilichokinunua kando ya Barabara ya Tom Mboya jijini Nairobi kwa shilingi 600, baada ya muuzaji kuanzia 900 nami kuanzia 400. Kisanduku chenyewe hakina jina la mchapishaji wala la mtungaji. Hata hivyo, visanduku vya namna hii havikosekani kwenye meza za wauzaji wa vitabu vya mitumba katikati ya jiji, na anayekusudia kutoa pesa zake anastahili kujua anachokwenda nacho nyumbani.

Kwa umbo sina la kulalamikia. Karatasi ni ngumu, na maandishi ni makubwa kiasi cha kusomeka ndani ya matatu ya Thika Road usiku, taa zikiwa hafifu. Upande mmoja una neno, upande wa pili una maana kwa maneno mawili au matatu ya Kiingereza chepesi, na hakuna kingine chochote. Ufupi huo ndio ulionivutia nilipokuwa nikinunua, na ndio ulioniponza.

Kazi yangu ni kuandika ripoti za madai katika ofisi ya bima. Katika wiki ya kwanza nilifikia kadi ya "ameliorate", ambayo nyuma yake imeandikwa "make better, improve", na kesho yake nikaandika kwa kujiamini kwamba gari la mteja lilipelekwa gereji likawa "ameliorated". Mkuu wangu alilizungushia neno hilo duara kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni "repaired", na tangu siku hiyo printa ikikwama wenzangu huniita mimi, eti nije niifanyie "amelioration". Kadi haikunidanganya, kwa kuwa maana iliyoiandika ni sahihi. Ilichoninyima ni habari kwamba Waingereza hulitumia neno hilo kwa hali, dhiki au madhara yanayopunguzwa makali, wala si kwa bampa iliyopinda.

Anayezungumza Kiswahili hahitaji kuelezwa jambo hili kwa kirefu. Hebu tumchukue mgeni aliyepewa kadi yenye neno "kata", nyuma yake ikiwa na "cut" peke yake, kisha asikie kwamba mtu amekata rufaa, mwingine amekata tamaa, wa tatu amekata shauri, wa nne amekata kiu na wa tano yuko dirishani anakata tiketi. Atatafuta kisu asikione. Neno hujulikana kwa maneno linaloandamana nayo, na kadi inayotoa kisawe bila sentensi hata moja ya mfano humwacha mwanafunzi akidhani analijua neno ambalo amelitambua sura tu.

Mpangilio nao una kasoro yake. Kadi zimefuata alfabeti, kwa hiyo "adverse" na "averse" zimekaribiana, na "ingenious" na "ingenuous" zimefuatana kabisa, ilhali la kwanza humsifu mtu kwa ubunifu na la pili humsema kuwa hana hila, pengine hata ni mwepesi kudanganywa. Nilizisoma hizo mbili jioni moja, na kwa siku kadhaa sikuweza kuapa ipi ni ipi. Ilinibidi nizitenganishe mwenyewe kwa wiki tatu.

Kuhusu uteuzi wa maneno, nina shaka kubwa zaidi. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alichapisha orodha ya koo 570 za maneno, yaani makundi ya maneno ya shina moja, yanayorudiarudia katika maandishi ya kitaaluma, yakiwa takriban asilimia 10 ya maandishi hayo; humo mna maneno kama "assess", "derive" na "approach", ambayo hayana mbwembwe lakini bila hayo ripoti haiandikiki. Kisanduku hiki kimeyapita mengi ya aina hiyo, kikatenga nafasi kwa "pulchritude", neno zito la kusema uzuri ambalo sijalikuta gazetini hata mara moja. Inaelekea mtungaji alipima ugumu wa neno kwa jinsi linavyomshangaza msomaji.

Fursa iliyopotea kabisa ni ile ya asili ya maneno. Baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilimiminika katika Kiingereza, na Kilatini kikaendelea kuingia kupitia kanisa na vyuo, ndiyo maana Mwingereza ana "ask" la kwao, "question" la Kifaransa na "interrogate" la Kilatini, kila moja likiwa rasmi kuliko lililotangulia. Sisi tunaijua hali hiyo, kwani tuna kuwaza kwa Kibantu, na kufikiri na kutafakari kutoka Kiarabu, na hatuyabadilishi ovyo. Kadi ingeweza kunionyesha kwamba "bene" ni wema na "male" ni ubaya, nikapata "benevolent", "malevolent", "benefactor" na "malefactor" kwa mkupuo. Badala yake maneno hayo yametawanyika chini ya B na M kama ndugu wasiojuana.

Matamshi hayakuonyeshwa popote, na kwa lugha isiyosomwa kama inavyoandikwa hilo ni kosa lisilo na udhuru. "Hyperbole" ina silabi nne, nami niliisoma kwa tatu hadi binti yangu wa kidato cha pili aliponisahihisha.

Hata hivyo, sijakitupa. Nilikata katoni ya viatu nikatengeneza vyumba vitano, kwa mbinu aliyoieleza Sebastian Leitner katika kitabu cha Kijerumani mwaka 1972: kadi unayoijibu vyema husogea chumba kimoja mbele, unayoikosea hurudi cha kwanza, na kadiri chumba kilivyo mbele ndivyo kinavyofunguliwa kwa nadra. Changu cha kwanza hufunguliwa kila siku, cha tano mara moja kwa mwezi. Nyuma ya kila kadi nimeongeza kwa mkono sentensi moja niliyoikuta gazetini au katika kamusi ya wanafunzi, pamoja na alama ya silabi inayokazwa. Kazi hiyo huchukua kama dakika tano kwa kadi, na nakiri kwamba ninayakumbuka zaidi maneno niliyoyaandikia kuliko yale niliyoyasoma tu.

Kwa hiyo, kwa mwenye kamusi nzuri na subira ya kuandika, shilingi 600 si hasara, maana amenunua karatasi nzuri na orodha ya kuchambua. Anayejiandaa kwa IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, ambao katika uandishi hutenga robo ya alama kwa matumizi ya msamiati, asitegemee kadi hizi zilivyo, kwa sababu anayesahihisha huangalia pia kama neno limekaa mahali pake. Na kabla ya kulipa, afungue kisanduku azihesabu kadi palepale mezani: changu kina "zealous" mbili, na Q haimo.