Ethanoli ya "96" niliyouziwa Arusha: ipime kwanza

Nianze na lililoniuma. Nilipomwambia muuzaji wa duka moja la kemikali hapa Arusha kwamba ethanoli yake, ninayohifadhia konokono wa baharini, haifiki asilimia 96, alijibu bila hata kuniangalia: "Dada, spiriti ni spiriti. Konokono wako ameshakufa, anataka nini tena?"

Anataka DNA yake ibaki nzima, kaka yangu! Konokono wa baharini ni maji matupu. Ukimtia kwenye ethanoli ya 96, kipimo kimoja cha nyama kwa tisa au kumi vya ethanoli, maji ya mwili wake pekee yanaishusha chini ya 90. Ndiyo maana tunaimwaga na kuweka mpya baada ya saa 24. Ukianza na 70, unaishia sitini na kitu. Hapo vimeng'enya vinavyokata DNA havijazimwa sawasawa, DNA inaendelea kukatika polepole, na joto la Tanga zilikotoka sampuli linaongeza kasi. Kwenye jeli, ile ya maabara ya kutazamia DNA, badala ya mstari mmoja unaona mchirizi tangu juu hadi chini. Sabini inamfaa anayechunguza maumbile, kwa kuwa nyama haikakamai. Mimi nilitaka kipande cha COI, jeni ya kutambulia spishi, chenye herufi 658 za DNA.

Kuigundua ni mizani tu. Mililita 100 za ethanoli ya 96, kwenye nyuzijoto 20, zina uzito wa karibu gramu 81. Yake ilisoma 88 na nusu. Maji ni mazito kuliko ethanoli, kwa hiyo hiyo ni sabini.

Nisiwaonee lakini. Magnesiamu kloridi yao, chumvi ya kuwalegeza konokono kabla ya ethanoli, ni nzuri kweli. Gramu 75 kwenye lita moja ya maji yasiyo na chumvi, na konokono walilegea wakiwa wametoka nje ya maganda. Hilo si dogo: konokono akijifungia kwa kile kifuniko chake kigumu, ethanoli haimfikii, anaozea humo humo mpaka uvunje ganda. Vichupa vyao navyo havikuvuja. Nilikuwa nawapa nyota tatu.

Ila nikikumbuka kazi iliyofanyika maabara Moshi, napandwa na hasira upya. Walikata milimita tatu za mguu, mbali na tumbo ili DNA ya chakula chake isiingie. Wakatumia CTAB, kemikali ya kutenga DNA na ute, kwenye nyuzi 60, maana ule ute wa konokono ukibaki PCR, yaani kunakili DNA mara nyingi, haiendi. Kati ya sampuli na sampuli, makasi yalipita kwenye jiki, maji safi, kisha moto. Hata lebo ziliandikwa kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu huyeyuka kwenye ethanoli. Hawakukosea popote. Sampuli zilikuwa zimeharibika kabla hazijawafikia.

Nyota moja, nayo ni ya magnesiamu. Nimepita tena pale dukani: lebo bado inasema 96.