Uzoefu wangu na kamusi ya maneno yanayoandamana

Nilitafsiri ripoti ya mradi wa afya, Kiswahili kwenda Kiingereza, nikaituma huku kifua mbele. Ikarudi nyekundu tupu. Pale nilipoandika wagonjwa "drink the tablets", mhariri alikata akaweka "take". "Do a mistake" ikawa "make". "Big rain" ikawa "heavy", na alama ya mshangao juu yake. Kilichoniuma ni kwamba sarufi haikuwa na kosa. Nilipouliza kanuni ni ipi, nikajibiwa hakuna kanuni, ndivyo wanavyosema wenyewe.

Wiki hiyohiyo nikainunua Oxford Collocations Dictionary, toleo la pili, la mwaka 2009, kwa muuza vitabu vya mtumba wa kando ya barabara kule Posta, Dar es Salaam. Shilingi 20,000, baada ya kuvutana bei. CD yake ilishapotea, ila hata kompyuta yangu haina pa kuiingiza.

Hii si kamusi ya maana. Kazi yake ni kukuonyesha neno linatembea na nani. Fungua "rain" utakuta "heavy", "torrential", "driving", "light", halafu vitenzi, halafu sentensi za mfano. Yanayokaribiana maana yamewekwa kundi moja, kistari cha wima, kisha kundi jingine. Kwa jumla wanasema kuna mafungu ya maneno yanayoandamana, kama "heavy rain", zaidi ya 250,000 humo ndani.

Wiki mbili za mwanzo niliitumia kichwa chini miguu juu. Nikitaka kujua kama ni "do" au "make", naenda kutafuta "make". Usipoteze muda hivyo. Anza na nomino, maana hiyo unayo tayari. Nenda "mistake", na "make" utaikuta inakusubiri pamoja na "correct", "admit" na "repeat".

Kadiri nilivyoizoea ndivyo nilivyogundua kwamba kilichokuwa kinaniponza ni Kiswahili changu mwenyewe. Sisi dawa tunakunywa, hata ikiwa kidonge. Redio tunafungua. Tunapiga simu, picha, pasi, mswaki na deki, na hakuna anayeumia. Mwingereza kila kimoja amekipa kitenzi chake: "make a call", "take a photo", "brush your teeth", "mop the floor". Kiapo sisi tunakila, yeye "take an oath". Na mgeni akiniuliza kwa nini pasi inapigwa, nitamjibu nini? Nitamwambia ndivyo tunavyosema. Hapo hasira zangu kwa yule mhariri zikaisha.

Kasoro zake zipo. Maana haielezi, labda kidokezo hapa na pale. "Driving rain" ilinikalisha dakika kumi najiuliza mvua inaendesha nini, mpaka nikachukua kamusi nyingine: kumbe ni ile inayosukumwa na upepo, inayokuchapa usoni hata ukiwa na mwavuli. Kwa hiyo uwe na kamusi mbili mezani.

Jingine ni kubwa zaidi. Niliwahi kuandika kwamba mafunzo "caused success". Chini ya kitenzi "cause" kamusi hii inakupa vielezi, haikupangii nomino zake, kwa hiyo huwezi kuona kwa mkupuo mmoja kwamba neno lile hupenda mabaya. Niliona hilo kwenye British National Corpus, mkusanyo wa maneno milioni 100 ya Kiingereza cha Uingereza cha mwishoni mwa karne ya 20. Ukitafuta "cause" unapata sentensi foleni: "damage", "problems", "delay", balaa juu ya balaa. Na ukifikiri, "sababisha" yetu ni hivyohivyo. Inasababisha ajali, vifo, hasara. Mafanikio huletwa.

Mwanafunzi wa sekondari simshauri, atazama kwenye orodha. Lakini kama unaandika Kiingereza kwa malipo, itafute, hata ya mtumba. Mimi sasa naandika kwanza bila kuigusa, kisha narudi nakagua nomino zangu moja moja. Naipa nyota nne kati ya tano.

Ripoti ya mwezi uliopita imerudi na wino mwekundu mahali pawili tu, na pote pawili ni "the". Kwa hilo kamusi hii haina msaada.