"Tall" au "long"? Urefu wa aina mbili

Kiswahili kinabana matumizi: mtu mrefu, kamba ndefu, mkutano mrefu, hata kisima kirefu. Kiingereza huigawa kazi hiyo kwa maneno kadhaa, ndiyo maana wengi wetu tuliwahi kuandika "a long man" kwenye insha tukarudishiwa daftari lenye wino mwekundu.

"Tall" ni ya kinachosimama: mtu, mti, jengo. "Long" ni ya kinacholala au kunyooka, na kati ya hizo mbili ndiyo inayopima muda. Safari ni "long". Chukua mnazi. Ukiwa wima ni "tall". Ukishaangushwa, lile gogo pale chini ni "long". Lakini mtu akilala kitandani, miguu ikaning'inia nje, bado ni "tall" vilevile. Twiga ni "tall", shingo yake "long", ingawa nayo imesimama! Viungo vya mwili vina ukaidi wake: miguu, vidole, pua, vyote "long".

Mlima je? Kilimanjaro, wenye mita 5,895, mara nyingi huitwa "high". Kisima ni "deep". Hakimo kabisa kwenye ugomvi huu.