Plaiwudi na vanishi isiyong'aa kwenye jukwaa la kanisa: uzoefu wangu baada ya mwaka mmoja

Jukwaa letu lina mita 6 kwa 4. Kwa miaka mingi lilivikwa zulia jekundu, na mimi kama mwalimu wa kwaya nililifahamu zulia lile vizuri: palipopauka, palipochanika na kubandikwa utepe, na ule ubao karibu na mimbari uliolia kila mhubiri alipohamisha mguu. Siku tulipolikunja lilitoa vumbi hadi waimbaji wawili wenye pumu wakakimbilia nje. Siku hiyohiyo kamati ilikubali kwamba hatutandiki zulia tena.

Fedha zilikuwa kidogo, kwa hiyo kila pendekezo lilijadiliwa sana. Vigae tuliviacha mapema, maana jukwaa la mbao hucheza kidogo linapokanyagwa, na mchezo huo mdogo unatosha kupasua viungio. Zulia jipya lilikuwa na watetezi wake: linaficha nyaya na kunyamazisha viatu. Tatizo lake ni kwamba linameza sauti nyembamba na kuziacha zile nene, hivyo kwaya inasikika kama imefunikwa blanketi huku besi ikivuma vilevile.

Lamineti, yaani vipande vya sakafu vya mbao bandia, ndiyo iliyonivuta zaidi. Inapendeza, vipande vyake vinashikana vyenyewe, na mtu anaimaliza kwa siku moja. Lakini sakafu ile inaelea: haipigiliwi chini, na inahitaji nafasi ya kama milimita 10 kila upande ili itanuke bila kuvimba. Kinanda kizito kikikaa upande mmoja kinaibana. Halafu sauti yake. Nilikanyaga sampuli nikiwa na viatu vya Jumapili, ikanijibu ko, ko, ko. Maikrofoni za kwaya zingelichukua hilo lote. Na uso wake ukichubuka hauwezi kupigwa msasa, unabadilisha kipande kizima.

Tukabaki na plaiwudi ya milimita 18, ambayo wengi waliidharau kwa kuwa wanaijua kama mbao za kabati. Karatasi tisa za mita 2.44 kwa 1.22 zilitosha.

Nilitaka tuzinunue mara moja, fundi seremala akanizuia. "Mwalimu, usinunue chochote kabla hatujafungua huku chini." Namshukuru hadi leo. Tulipong'oa mbao za zamani tulikuta boriti zimeachana sentimita 60, tena mbili zimelegea kwenye misumari yake. Kilio chote kile kilikuwa ni msumari unaopanda na kushuka ndani ya tundu lake. Plaiwudi mpya juu ya hapo ingeanza kulia ndani ya miezi michache. Tukaongeza boriti hadi zikawa sentimita 40 kutoka moja hadi nyingine, tukazikaza kwa skrubu, na mapengo tukayajaza pamba ya glasi ili jukwaa lisivume kama ngoma tupu. Kazi hii ilimega sehemu kubwa ya bajeti, na hakuna anayeiona. Wanaoisikia tofauti ni watu wa mitambo ya sauti. Ningekuwa na fedha za kitu kimoja tu, ningefanya hili na kurudishia mbao za zamani juu.

Kupachika plaiwudi hakukuwa na shida. Gundi juu ya boriti, kisha skrubu kila sentimita 15 pembeni na kila 30 katikati. Viungo vipishane kama matofali ukutani, na acha upenyo wa milimita 3 kati ya karatasi na karatasi. Vichwa vya skrubu vilizamishwa kidogo, tukaziba kwa puti.

Msasa ndio unaotaka subira. Tabaka la juu la plaiwudi ni jembamba mno, ukitumia msasa mkali unalitoboa na kufikia gundi nyeusi chini yake, na doa hilo halifichiki. Tulianza na namba 120, tukafuata mkondo wa nyuzi bila kuukata, tukamalizia na 180. Kisha tukafagia, tukafuta kwa kitambaa chenye unyevu, tukasubiri vumbi lililobaki hewani litue, tukafuta tena. Nilipitisha kiganja sakafu nzima nikiwa nimepiga magoti. Jicho linadanganyika, kiganja kinakuta hata chembe moja.

Sasa vanishi. Nilichagua poliurethani ya maji, isiyong'aa. Ya mafuta ni ngumu na nzuri, ila harufu yake ni kali, inaelekea kuwa ya njano kadiri siku zinavyokwenda, na kila mkono, yaani kila tabaka unalopaka, hudai kusubiri karibu siku nzima. Sisi tulikuwa na ibada kila Jumapili. Ya maji hukauka ndani ya saa chache. Lita moja hufunika kama mita za mraba 10 hadi 12, kwa hiyo kwa mikono mitatu tulihitaji lita 7. Hapa sikubana matumizi: tuliokoa kwenye ubao, tukanunua vanishi ya sakafu, si ile ya samani.

Kutong'aa kuna sababu. Taa za jukwaani zinapiga kutoka juu, na sakafu inayong'aa huzirudisha moja kwa moja machoni pa waliokaa mbele, na kwenye kamera pia.

Mkono wa kwanza unasimamisha nyuzi za mbao, uso unakwaruza kama ndevu za siku mbili. Usiogope, ni kawaida ya vanishi ya maji. Msasa namba 220 kwa mkono mwepesi, futa, endelea.

Kosa letu lilitokea kwenye mkono wa tatu. Kopo la kwanza liliisha katikati ya kazi, kijana akafungua la pili na kumimina bila kukoroga. Ile dawa inayofanya vanishi ising'ae ni nzito, hutuama chini ya kopo. Kilichomiminika ni maji ya juu. Kwa mwanga wa dirishani hatukuona kitu. Jumamosi jioni tulipowasha taa, upande wa kushoto ulimetameta, na mpaka kati ya pande mbili ulionekana umenyooka kama mstari wa chaki. Niliumia, kwa sababu watu walikuwa wamejitolea usingizi wao. Kwaya iliimba chini ya ngazi Jumapili hiyo, na Jumatatu tukapiga msasa jukwaa zima na kupaka mkono wa nne. Kwa hiyo: koroga kila kopo hadi sakafuni mwake, taratibu kwa kijiti, bila kulitikisa maana kulitikisa kunaleta mapovu. Bora zaidi, changanya makopo yote kwenye ndoo moja kabla ya kuanza.

Vitu vizito tulivirudisha baada ya siku tatu. Zulia dogo la ngoma lilisubiri wiki tatu, maana vanishi hukauka haraka lakini huchukua muda kukomaa, na ukiifunika mapema inabaki laini.

Mwaka umepita. Jukwaa halilii. Kwaya inasikika wazi, hasa sauti ya kwanza na ya pili. Mimbarini pameanza kufifia pale mhubiri anaposimama, na visigino vyembamba vya harusi vimeacha vishimo, kwa kuwa plaiwudi yetu ni ya mbao laini. Spika iliyoburutwa ilichora mstari wa nusu mita, tukaupiga msasa na kupaka, leo huuoni usipoonyeshwa. Ukingo wa mbele tuliufunika kwa utepe wa mbao ngumu ya rangi angavu kidogo kuliko sakafu, na wazee wanaopanda kusoma neno wameniambia sasa wanaona jukwaa linapoishia.

Nyota nne kati ya tano. Iliyobaki ningeipata kama ningepaka mkono mmoja zaidi pale mimbarini tangu mwanzo.