Nyumba ya bei nafuu nimepata, lakini yule karani wa kaunta sijamsamehe

Nimengoja hasira ipoe ndio niandike na bado haijapoa.

Mi ni mpishi kwa hoteli moja hapa Nairobi, nina watoto wawili, mume sina. Tangu 2023 mshahara wangu unakatwa ile asilimia 1.5 ya kujenga nyumba za bei nafuu za serikali, kwa elfu 42 ni shilingi 630 kila mwezi, na mwajiri anaweka 630 zingine. Novemba ya mwaka huo Mahakama Kuu ikasema makato yanakiuka katiba, kazini tukashangilia, halafu Machi 2024 ikaja sheria mpya tukakatwa tena. Nikaona basi, kama ni pesa yangu inajenga, acha na mimi niombe. Nikajisajili, nikaanza kuweka depositi pole pole, leo mia tano, mwisho wa mwezi elfu tatu, mwezi mwingine sina kitu, mpaka asilimia 10 tuliyoambiwa ikafika.

Sasa siku ya kuitwa. Nimeomba ruhusa kazini, nimefika alfajiri na foleni tayari iko nje ya geti, kaunta nimeifikia saa saba mchana. Karani, kijana ambaye ningeweza kumzaa, akaangalia fomu, akaniangalia mimi, akachungulia nyuma yangu. "Mama, mwenyewe yuko wapi?" Mwenyewe nani? "Mzee. Mwenye nyumba." Nikamwambia mwenye nyumba ndio mimi. Jamani, fomu iko mbele yake, kitambulisho changu, karatasi za mshahara wangu, pale pa ndoa nimeandika SIJAOLEWA! Akasukuma makaratasi kando, eti nirudi na mzee ama ndugu wa kiume "akusaidie kuelewa mambo ya mkopo", akaita anayefuata.

Nilibaki nimesimama pale. Mimi nimeweka mia tano mia tano miaka yote hiyo bila kusaidiwa na mtu kuelewa, leo ndio siwezi kuelewa? Ofisi yenyewe siitaji, na huyo kijana pia simtaji, lakini wamama wengi walikuwa kwa ile foleni na sijui ni wangapi walirudishwa nyumbani vile. Wiki iliyofuata nikarudi, dada mwingine akanihudumia dakika kumi tu, hakuuliza mzee wala ndugu. Yaani hakuna sharti kama hilo! Alilitoa kichwani mwake, na mimi nikapoteza siku ya kazi bure.

Nilikuwa nimeapa nitawaambia watu wote wasiaplai kabisa. Halafu Jumapili moja wakatupeleka kuona. Nikafungua bomba, ghorofa ya nne, maji yakatoka, na huku tunakokaa nanunua kwa mitungi. Binti yangu akazunguka vyumba vyote akauliza, "Hapa hatutahama tena?" Nikashindwa kumjibu kwa machozi. Malipo ya mwezi hayapishani sana na kodi ninayompa landilodi, na hiyo ni kwa sababu serikali imejenga kwa ardhi ya umma, kwa mjenzi wa binafsi bei kama hiyo mi sijawahi kuiona hapa mjini. Na ile sheria kwamba huwezi kuuza bila idhini ya bodi ya hizi nyumba, wengine wanailaumu, mi naipenda sana, maana bila hiyo mabroka wangezinunua zote watupangishie sisi.

Kwa hivyo aplai, ndiyo, aplai, nyumba ni nzuri na tumeilipia sote. Lakini nikitaka kuwapa sifa kamili nakumbuka "mwenyewe yuko wapi" na mikono inatetemeka. Na juzi barua ya mgao imekuja, jina ni langu, namba ya kitambulisho ni yangu, mbele yake wameandika Bw. Nimeenda mara mbili kuomba watoe hiyo Bw., mara zote mbili nimeambiwa kompyuta haikubali, ningoje. Kesho nina ofu, naenda tena.